*TAMKO LA TAWI: MSHAHARA WA MKURUGENZI USIPIMWE KWA MSHAHARA WA MKURUGENZI MWENZAKE*



Kamati ya Utendaji ilikaa Jumapili iliyopita kupitia rasimu ya sera ya uchumi iliyoletwa matawini kwa ajili ya maoni. Sehemu kubwa ya rasimu hiyo tunaiunga mkono na maoni yetu mafupi yameshaandikwa. Kipengele kimoja tumekikataa. Kwa kuwa kilizua mabishano kikaoni, na mabishano yakahamia kwenye simu usiku ule ule, tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu ili kila mmoja aje mkutano wa Jumamosi akijua tunabishania nini.

Kipengele chenyewe kinasema mishahara ya watendaji wakuu wa mashirika ya umma, pamoja na wa kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam ambamo Serikali au mifuko ya pensheni ina hisa, ipangwe "kitaalamu, kwa kuzingatia takwimu za utafiti wa mishahara katika soko".

Ni maneno matamu. Utaalamu, takwimu, soko: nani atasimama mkutanoni apinge utaalamu? Lakini ukikifungua hicho kifurushi, soko hulioni. Unakuta utaratibu wa wakubwa kupandishana mishahara kwa zamu, kila mmoja akimtaja mwenzake kuwa ndiyo sababu. *Msimamo wa Kamati ni kwamba takwimu za aina hii zisiwe msingi wa kupanga mshahara wa mkuu wa kampuni ya umma, na kipengele kiandikwe upya.*

Tuanze na walioandika kwenye kundi kwamba haya ni mambo ya matajiri, tawi lishughulike na maji na barabara. Maji na barabara hatujaviacha. Ila tuulizane, kampuni hizi ni za nani? Benki ya NMB, Serikali kupitia Msajili wa Hazina inamiliki asilimia 31.8 ya hisa zake. Mwalimu anayekatwa mchango wa PSSSF kila mwezi, fundi wa kiwandani anayekatwa wa NSSF, sehemu ya akiba yao imewekwa kwenye hisa za kampuni za sokoni. Mama mwenye vipande vya Mfuko wa Umoja pale UTT AMIS anamiliki kampuni hizi kwa mlango wa nyuma hata kama hajawahi kukanyaga mkutano wa wanahisa. Na mashirika ambayo Serikali inayamiliki yote ndiyo kabisa, hayo ni yetu bila hata cheti. Sisi ndio waajiri. Mwajiri asiyejua anamlipa mtumishi wake kiasi gani, wala kwa nini, ni mwajiri wa kuibiwa.

Sasa huo utafiti wa mishahara unafanyikaje? Kampuni ya ushauri inapeleka fomu kwa makampuni kadhaa. Yanayokubali yanajaza: cheo, mshahara, bonasi, gari, nyumba, ada za shule za watoto. Mshauri anapanga majibu kuanzia la chini hadi la juu, kisha anauza majedwali: hapa ndipo ilipo robo ya chini, hapa ndiyo katikati, hapa inaanza robo ya juu. Kamati ya mishahara ya bodi inayasoma na kuamua mkurugenzi wao akae ngazi ipi.

Hapo ndipo penye mtego. Ni bodi gani itaandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba mkurugenzi wetu analipwa chini ya katikati na tunataka abaki hapo? Kuandika hivyo ni kukiri kwamba waliajiri mtu hafifu. Kila bodi inaamini mkurugenzi wake ni bora kuliko wenzake, na kama haiamini itajifanya inaamini, maana yeye ndiye anayeandaa makabrasha yao na kukaa nao mezani mwaka mzima. Matokeo yake, kila mtu anataka katikati au juu yake. Darasa ambalo wanafunzi wote wako juu ya wastani halipo duniani, ila bodi zimeligundua.

Chukueni kalamu, hesabu ni fupi. Tuchukulie kampuni 10, za mfano tu. Wakuu wake wanalipwa kwa mwezi shilingi milioni 10, 12, 14, 16, 18, 20, 22, 24, 26 na 28. Jumla ni milioni 190. Robo ya juu inaanzia milioni 24. Utafiti umefanyika, majedwali yamenunuliwa, na kila bodi imepitisha sera inayosikika vizuri sana: tunalipa kwa kiwango cha robo ya juu ili kuvutia vipaji. Saba walio chini ya milioni 24 wanapandishwa hadi 24. Watatu wa juu hawaguswi. Jumla mpya ni milioni 246. Gharama imepanda kwa zaidi ya asilimia 29, na hakuna mfuko mmoja wa saruji uliozalishwa zaidi, wala mteja mmoja aliyeunganishiwa umeme. Aliyekuwa na milioni 10 sasa ana 24, mara mbili na ushee, kwa kosa la kuwa wa mwisho kwenye orodha.

Mchezo hauishii hapo. Yule aliyekuwa na milioni 24 tangu mwanzo anatazama kushoto na kulia, anaona saba wamemfikia. Kampuni yake ni kubwa kuliko zao. Anakwenda kwa bodi, na bodi inaona ana hoja. Mwaka unaofuata utafiti unarudiwa, robo ya juu imesogea, na wale saba wako chini tena. Hakuna mwizi katika hesabu hii. Kila bodi imefuata utaratibu, kila karatasi ina sahihi, mkaguzi akija atakuta kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana tunasema ni hatari kuliko wizi wa kawaida, kwa sababu wizi wa kawaida una hoja ya ukaguzi.

Kuna kingine ambacho wengi hawakijui. Takwimu za utafiti zinakuwa za miezi iliyopita. Kwa hiyo ni kawaida ya washauri kuziongezea asilimia fulani ili zilingane na mwaka unaokuja, kwa makadirio ya jinsi mishahara itakavyopanda. Bodi inalipa kwa kufuata makadirio, mishahara inapanda, makadirio yanatimia. Mganga anatabiri mvua huku ameshika ndoo juu ya paa.

Wanasema hiyo ndiyo bei ya soko. Soko tunalolijua sisi, muuzaji anataja bei na mnunuzi ana haki ya kukunja uso na kwenda meza ya pili. Hapa mnunuzi ni bodi inayotumia fedha isiyo yake, na mwenye fedha hajaalikwa. Tazameni EWURA inavyofanya na mafuta. Kila mwezi inatangaza bei kikomo, na bei hiyo inajengwa kutoka chini: bei ya mafuta ya soko la dunia, gharama za kuyaleta, kodi na tozo, faida ya mwagizaji na ya muuza rejareja. Haizunguki vituoni kuuliza wenye vituo wanauzaje kisha ikachagua robo ya juu ili kuvutia vituo bora. Ingefanya hivyo, mngeandamana kesho asubuhi.

Na sampuli yenyewe hapa kwetu inatoka wapi? Kampuni zote zilizoorodheshwa Dar es Salaam hazizidi 30, na baadhi yake ni za nje zilizoorodheshwa huku pia. Ukitafuta mkuu wa bandari wa kumlinganisha na mkuu wa bandari, au wa shirika la umeme na wa shirika la umeme, Tanzania Bara utapata mmoja, naye ni yule yule unayempangia mshahara. Sampuli ikikosekana nyumbani inatafutwa Nairobi, Johannesburg na Lagos, na kama haitoshi, kwenye matawi ya kampuni za kimataifa ambako mkuu ameletwa kutoka Ulaya na analipwa kwa dola pamoja na fidia ya kuishi mbali na kwao. Halafu tarakimu hiyo inaletwa kwenye shirika ambalo bili zake zinalipwa kwa shilingi na muuza chapati. Anayechagua wa kulinganishwa naye ndiye anayechagua jibu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, sawa, lakini hapa mbuzi ndiye amepewa futi ya kupimia kamba.

Haya hatukuyaota. Kwa Marekani, ambako utaratibu huu ulizaliwa, yameandikwa na watu wao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Arch Patton, mshauri wa kampuni ya McKinsey, alifanya moja ya tafiti za kwanza kubwa za malipo ya wakuu wa makampuni. Ilionyesha kwamba ujira wa wafanyakazi wa kawaida ulikuwa unapanda kwa kasi kuliko wa mabosi. Mabosi wakapenda sana kusoma tafiti za namna hiyo, na biashara ikakua. Miaka mingi baadaye Patton alipoulizwa anajisikiaje kwa kilichotokea, alijibu kwamba anajisikia mwenye hatia. Kwa hesabu za taasisi ya Economic Policy Institute, mwaka 1965 mkuu wa kampuni kubwa ya Marekani alilipwa kama mara 21 ya mfanyakazi wa kawaida. Mwaka 2023 ilikuwa kama mara 290. Si utafiti wa mishahara peke yake uliofanya hivyo, hisa za bonasi zilichangia sana, lakini kila hatua ya kupanda ilikuja na jedwali la kuihalalisha.

Mwaka 2006 walibadilisha kanuni, kampuni zikatakiwa kutaja majina ya zile zinazojilinganisha nazo. Mwaka 2010 watafiti Michael Faulkender na Jun Yang walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kampuni huelekea kuchagua zenye wakuu wanaolipwa zaidi. Wakarudia baadaye kuona kama kutaja majina kumeondoa tabia hiyo. Haikuondoka. Warren Buffett, ambaye hakuna atakayemshuku kuwa mjamaa, aliwahi kuwakejeli washauri wa aina hii mbele ya wanahisa wake. Na mwaka 2007 kamati ya Bunge lao chini ya Henry Waxman ilikuta kwamba washauri wenye kazi nyingine ndani ya kampuni zile zile walilipwa kwa kazi hizo, kwa wastani, zaidi ya mara 10 ya walicholipwa kwa ushauri wa mshahara wa bosi. Wewe ukiwa mshauri, ungempa bosi huyo ripoti inayosema anatosheka?

Sasa tujibu yaliyosemwa kikaoni.

Ndugu mmoja alisema tusipolipa bei ya soko vipaji vitaondoka. Ni hoja nzito na hatuidharau. Kwa fundi mchomeleaji, muuguzi, mhasibu wa ngazi ya kati, utafiti wa mishahara una maana. Watu hao ni wengi, waajiri ni wengi, wanahama kweli, na anayejaza fomu hapati chochote jibu likiwa kubwa. Tungefurahi sana utafiti huo utumike kwao. Ajabu ni kwamba kwao hautumiki. Kwa mkuu, bodi inauliza soko la Johannesburg linasemaje. Kwa mlinzi wa getini, inauliza Amri ya Kima cha Chini inasemaje, na hata hapo mlinzi mwenyewe ameshahamishiwa kampuni ya wakala asionekane kwenye orodha ya mishahara. Kuhusu mkuu kuondoka, Charles Elson na Craig Ferrere walilichunguza jambo hili na kuandika mwaka 2013 kwamba ujuzi wa mkuu wa kampuni kwa sehemu kubwa unatokana na kampuni ile ile aliyoiongoza, hauhami kirahisi. Wakuu kuhama kutoka kiti kimoja kwenda kingine ni tukio la nadra. Tunalipa bima ya moto kwa nyumba ya mabati tupu.

Mwingine alisema ni wivu. Hatuna la kujibu hapo. Mwenye wivu na asiye na wivu wakijumlisha namba zile kumi watapata 246.

Wa tatu alikuja na hoja ya upande mwingine, na hii ilichukua muda mrefu zaidi: kwa nini tusirudishe ukomo tu? Mwaka 2016 Rais Magufuli akiwa Chato alisema wapo vigogo wa mashirika wanaolipwa hadi milioni 40 kwa mwezi, na akataka mwisho uwe milioni 15. Wengi wetu tulishangilia na hatuoni aibu kusema hivyo. Lakini ukomo wa tarakimu moja una mlango wa uani unaoitwa posho. Ukibana mshahara, kinachovimba ni posho ya nyumba, posho ya kikao, posho ya madaraka, simu, mafuta, mtumishi wa ndani, kiinua mgongo. Wamarekani walionja hili. Mwaka 1993 waliweka sheria kwamba mshahara wa bosi ukizidi dola milioni 1 kampuni isipate nafuu ya kodi kwa ziada hiyo, ila wakaacha nje malipo ya "utendaji". Mishahara mingi ikasimama kwenye milioni ile, na malipo ya hisa yakapaa. Pili, ukomo wa shilingi unazeeka. Milioni 15 ya 2016 si milioni 15 ya leo, na kila atakayetaka kuuvunja atakuwa na kisingizio cha kweli mkononi.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kipengele kianzie ndani ya kampuni. Mshahara wa mkuu, pamoja na *kila* posho na kila manufaa yenye thamani ya fedha, uandikwe kama idadi ya mara za kipato cha mtu wa chini kabisa anayefanya kazi pale, awe ameajiriwa au ameletwa na wakala. Julai 2025 kima cha chini serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Milioni 15 ni mara 30 ya hicho. Je, mara 30 ni nyingi au ni sawa? Hapo watu wenye akili timamu wanaweza kubishana, na ndani ya Kamati tulibishana. Wapo waliotaka mara 15, na yupo aliyesema hata 30 ni chache kwa benki. Tumeacha nafasi wazi ili mkutano uamue. Muhimu ni kwamba mkuu akitaka kupanda, njia yake ipite kwa mfagizi. Posho ikihesabiwa humo ndani, mlango wa uani umefungwa.

Kisha kiasi hicho kitangazwe kwa jina la mtu. Hivi sasa ukifungua taarifa za fedha za kampuni, nenda kwenye noti ya watu wenye uhusiano na kampuni, ndiko jambo lenyewe linakojificha. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 24 kinadai malipo ya viongozi wakuu wa menejimenti yaonyeshwe kwa jumla: ya muda mfupi, ya baada ya kustaafu, na kadhalika. Jumla hiyo inaweza kuwa ya watu wanane au kumi na wawili. Kampuni ikiamua kuishia hapo, haijavunja kiwango, na wewe mwenye hisa hujajua kitu. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inayozitaka kampuni zilizoorodheshwa zitoe ripoti ya malipo ya wakurugenzi na wanahisa waipigie kura kwenye mkutano mkuu. Fungua ripoti ya mwaka ya Safaricom, utaona mkurugenzi mtendaji amelipwa kiasi gani, kwa jina. Hatujasikia kwamba mitambo ilizimika kwa sababu hiyo. Tumeshaona kwamba huko Marekani kutangaza peke yake hakukutosha, ndiyo maana tumetanguliza uwiano, lakini uwiano usiotangazwa nao ni hewa.

Msajili wa Hazina na mifuko ya pensheni nao waseme hadharani walivyopiga kura kuhusu malipo haya katika kila mkutano wa wanahisa. Kura ile ni yetu, wao wameishika tu. Na utafiti wa mishahara, kama bodi bado inautaka, usomwe mwisho, baada ya uwiano kuheshimiwa, ukiwa na orodha kamili ya kampuni zilizolinganishwa na jina la aliyezichagua, bila ile asilimia ya utabiri, na mshauri asiwe na kazi nyingine yoyote ndani ya kampuni hiyo.

Tunajua rasimu hii ina watetezi wazito huko juu, na tumeambiwa kwa upole kwamba tawi letu linajitafutia sifa ya ubishi. Tuliombwa maoni, na haya ndiyo maoni. Kama matawi mengine yatapitisha kipengele kilivyo, yetu yatabaki kwenye kumbukumbu.

*Mkutano ni Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ya Tawi.* Kura itapigwa juu ya mambo mawili: kukataa au kukubali kipengele kilivyo, na kama kikikataliwa, uwiano wetu uwe mara ngapi. Mwenye hoja tofauti na hii aje nayo, atapewa dakika sawa na za Kamati. Wenye kadi zilizoisha muda wafike saa 8 walipie ada kwa mtunza hazina kabla orodha ya wapiga kura haijafungwa. Nakala ya rasimu iko ofisini kwa wasio na simu janja. Tafadhali mwambie jirani yako mwanachama asiyepata ujumbe huu.

Imetolewa na Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji.